Adabu za mawasiliano ya redio majini

Adabu za mawasiliano ya redio majini ni kanuni na desturi zinazoongoza namna watu walio katika mashua, boti na meli wanavyozungumza kwa redio ya VHF. Zinahusu chaneli ya kutumia, maneno ya kuanzia na kumalizia, ufupi wa ujumbe, namna ya kuomba msaada, na namna ya kunyamaza mwingine anapouomba. Baadhi yake ni sheria zilizomo katika Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU). Nyingine ni desturi tu, lakini anayezivunja huwakera wenzake na huenda akamzuia mtu aliye hatarini asisikike.

Katika Afrika ya Mashariki kanuni hizi zinawahusu mabaharia wa meli na vivuko, na vilevile wanaokwenda majini kwa burudani: wanachama wa vilabu vya mashua vya Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza, wavuvi wa mchezo wanaotafuta sangara karibu na Kisiwa cha Rubondo, na waongozaji wa boti za watalii. Mtu wa burudani ndiye anayehitaji zaidi kufundishwa, kwa sababu baharia wa meli amekwisha fundishwa chuoni.

## Redio yenyewe

Redio ya VHF ya majini hutumia masafa kati ya megahezi 156 na 162 hivi. Masafa hayo yamegawanywa katika chaneli zenye namba zinazofanana karibu dunia nzima, hivyo chombo cha Kenya kinaweza kuzungumza na cha Uganda au cha Oman bila kubadilisha chochote. Chaneli ya 16 (megahezi 156.8) ni ya wito na ya dhiki. Chaneli ya 70 ni ya ishara za kidijiti pekee, na hairuhusiwi kuzungumzia. Chaneli ya 6 ni ya usalama baina ya vyombo, na ya 13 hutumika zaidi kwa usalama wa kupishana. Mazungumzo ya kawaida kati ya chombo na chombo hufanyika kwenye chaneli kama 72 na 77.

Redio iliyofungwa katika chombo hutoa nguvu ya hadi wati 25 na inaweza kupunguzwa hadi wati 1. Ile ya mkononi kwa kawaida hutoa wati 5 au 6. Anayezungumza na boti iliyo mita mia tatu kutoka kwake anapaswa kutumia wati 1, kwa sababu wati 25 zitaziba chaneli kwa watu wasiohusika, walio mbali sana.

Mawimbi ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakinga. Umbali wake hukadiriwa hivi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena moja kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha antena nyingine, kisha zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Watu wawili walioketi katika mitumbwi, kila mmoja akiwa ameshika redio mita 1 juu ya maji, watasikiana kwa kilomita 8 hivi. Mmoja wao akizungumza na antena iliyo juu ya kilima, mita 100 kutoka usawa wa ziwa, umbali unafika kilomita 45. Ziwa Viktoria lina upana unaozidi kilomita 200. Hivyo mwenye redio ya mkononi katikati ya ziwa anaweza kuwa na chombo kizima na betri iliyojaa, na bado asisikiwe na mtu yeyote wa nchi kavu. Wanaomsikia ni majirani zake wa majini.

Jambo la pili la kiufundi ni kwamba katika chaneli moja anasema mtu mmoja tu kwa wakati. Aliyebonyeza kitufe cha kuzungumzia hasikii wengine, na wengine hawawezi kumkatiza. Kitufe kikikwama chini ya mto wa kiti au chini ya mguu wa mtoto, chaneli yote hufungwa, na mwenye kosa ndiye wa mwisho kujua.

## Usiku wa Titanic

Mfano wa kale wa adabu iliyokosekana ni wa tarehe 14 Aprili 1912. Mwendeshaji redio wa meli ya Titanic, Jack Phillips, alikuwa akituma salamu za abiria kwenda kituo cha Cape Race. Meli ya Californian, iliyokuwa karibu na kwa hiyo ishara zake zilisikika kwa nguvu sana, iliingia katikati kumwarifu kuwa imesimama kwa ajili ya barafu. Phillips aliiambia inyamaze kwani alikuwa na kazi. Mwendeshaji wa Californian, Cyril Evans, baadaye alizima redio na kulala. Titanic ilipogonga barafu na kuanza kuomba msaada, meli hiyo ya jirani haikusikia. Walikufa takriban watu 1,500.

Watu wengi humlaumu Phillips peke yake. Hata hivyo makosa yalikuwa ya pande mbili, na sheria haikuwapo: habari ya hatari haikuwa na alama ya kuitofautisha na salamu za abiria, na hakuna aliyelazimika kusikiliza usiku kucha. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) ulitiwa sahihi mwaka 1914 kutokana na maafa hayo. Baadaye ikawekwa desturi ya ukimya: dakika tatu za kwanza za kila saa na za kila nusu saa, wote walionyamaza kwenye masafa ya kilohezi 2182 walisikiliza kama kuna mnyonge anayeita. Saa za ukutani katika vyumba vya redio zilipakwa rangi sehemu hizo. Desturi hiyo ilikoma kwa meli kubwa baada ya mfumo mpya wa dunia wa dhiki na usalama baharini (GMDSS) kuanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999.

## Kuita na kuitika

Kanuni ya kwanza ni kusikiliza kabla ya kusema. Anayewasha redio na kuanza kuita papo hapo ni sawa na anayeingia barazani akizungumza kabla hajaona nani yupo.

Chaneli ikiwa tupu, mwitaji hubonyeza kitufe, hungoja kama sekunde moja ili neno la kwanza lisikatwe, kisha hutaja jina la anayeitwa, maneno "hapa ni", na jina lake mwenyewe. Jina la anayeitwa hutangulia kwa sababu mtu huanza kusikiliza kwa makini anaposikia jina lake. Mfano wa kubuni: "Kipepeo, Kipepeo, hapa ni Tausi. Ova." Kipepeo hujibu: "Tausi, hapa ni Kipepeo. Nenda saba mbili. Ova." Wote wawili huhamia chaneli ya 72 na kumaliza mazungumzo yao huko. Kuendelea kuzungumza kwenye chaneli ya 16 baada ya kupatana ndilo kosa linalofanywa zaidi na watu wa burudani.

Asipojibiwa, mwitaji hungoja dakika mbili. Anaweza kurudia hivyo mpaka mara tatu, kisha apumzike dakika tatu kabla ya kuanza upya. Kumwita rafiki mfululizo kwa kuwa "lazima yupo tu" si adabu, na ni ukiukaji wa kanuni. Majaribio ya redio nayo yasizidi sekunde 10.

"Ova" maana yake ni "nimemaliza kusema, nangoja jibu". "Auti" maana yake ni "nimemaliza, sihitaji jibu". Maneno hayo mawili yakisemwa pamoja, kama yasemwavyo katika filamu, yanapingana. "Roja" ni "nimepata ujumbe wako", si "ndiyo" wala "nakubali". Nahodha aliyeulizwa kama anapita upande wa kulia akijibu "roja" hajajibu swali.

## Salamu, tarakimu na saa

Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa watu wa Ulaya, kwa hiyo havigusi matatizo ya msemaji wa Kiswahili. Yapo angalau matatu.

La kwanza ni salamu. Kwa Mswahili, kuanza na shida kabla ya kujuliana hali ni ukosefu wa malezi. Kijana akimwita nahodha mzee hutaka kutanguliza shikamoo na kungoja marahaba, kisha habari za kutwa, za nyumbani na za kazi. Kwenye chaneli ya 16 hayo yote huachwa. Mzee asiyesalimiwa redioni hajavunjiwa heshima. Heshima anayopewa pale ni kuachiwa chaneli wazi. Wakihamia chaneli ya kazi, shikamoo moja haimdhuru mtu. Umbeya na matani hukaa kando hata huko, kwani kila mwenye redio katika eneo hilo anasikia.

La pili ni tarakimu. Katika kelele za injini na upepo, "nne" na "nane" hukaribiana mno, na "tatu" huweza kudhaniwa "tano". Namba husemwa tarakimu moja moja, polepole, na zile muhimu hurudiwa. Chaneli ya 16 ni "moja sita". Kiingereza kina tatizo lake, ndiyo maana mabaharia hutamka tisa kama "naina" na tano kama "faifu" ili zisichanganyike. Majina nayo hutajwa herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, na kuendelea hadi Zulu. Mtu akisema tu "em" au "en" hataeleweka, lakini Mike na November hazifanani.

La tatu, na la hatari zaidi, ni saa. Saa tatu usiku ya Kiswahili ni saa 21:00 ya Afrika Mashariki, nayo ni 18:00 kwa saa ya dunia inayotumiwa katika shajara za redio za meli. Kuna tofauti ya saa sita kati ya hesabu ya Kiswahili na ya kimataifa, na ya saa tatu kati ya Afrika Mashariki na saa ya dunia. Anayesema "tutafika saa tatu" kwa nahodha mgeni aliyejifunza Kiswahili nusunusu huenda akatafutwa saa sita kabla au baada ya wakati wake. Njia salama ni kusema tarakimu nne na kutaja aina ya saa: "mbili moja sifuri sifuri, saa za hapa."

Kuhusu lugha yenyewe, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha mwaka 2001 orodha ya sentensi sanifu za Kiingereza kwa ajili ya vyombo vya mataifa mbalimbali. Hilo halikatazi Kiswahili kati ya watu wanaoelewana kwa Kiswahili, na katika Ziwa Viktoria mtu aliye hatarini afadhali aseme lugha ambayo majirani zake watailewa bila kufikiri.

## Wito wa dhiki

Neno linaloanzisha wito wa dhiki ni *Mayday*, linalotamkwa "mei-dei". Lilipendekezwa mwaka 1923 na Frederick Stanley Mockford, afisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, kutokana na Kifaransa chenye maana ya "nisaidieni", kwa kuwa ndege nyingi za hapo zilikwenda Paris. Mkutano wa Washington wa mwaka 1927 ulilikubali kuwa neno la dhiki kwa sauti, kama SOS ilivyokuwa kwa simu ya maandishi. Neno hilo halitafsiriwi. Anayelia "Jamani tunakufa, njooni!" atahurumiwa na wanaomwelewa, lakini mwenye redio wa meli ya kigeni atadhani ni mazungumzo ya wavuvi.

*Mayday* hutumika tu pale ambapo chombo au mtu yumo katika hatari kubwa na ya papo hapo: moto, kuzama, mtu kuanguka majini na kupotea. Hali ya haraka isiyofikia hapo, kama injini iliyozimika katika maji matulivu, hutangazwa kwa *Pan-pan*, mara tatu. Tahadhari kwa wengine, kama gogo kubwa linaloelea, hutangulizwa neno la Kifaransa *Sécurité*.

Mpangilio wa ujumbe ni sehemu ya kanuni. Mfano wa kubuni:

"Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni Tausi, Tausi, Tausi. Mayday, Tausi. Nipo maili tatu kaskazini ya Kisiwa cha Lukuba. Boti inaingiza maji na injini imezimika. Nahitaji msaada wa haraka. Tupo watu sita, wote wamevaa jaketi okozi. Boti ni nyeupe, ina turubai la bluu. Ova."

Mahali hutajwa kabla ya shida kwa sababu betri inaweza kuzama majini wakati wowote. Waokoaji wakijua mahali bila kujua shida, wataanza safari. Wakijua shida bila mahali, hawana pa kwenda. Mwenye kifaa cha GPS husoma latitudo na longitudo. Asiye nacho hutaja umbali na upande kutoka mahali panapojulikana kwenye ramani. "Karibu na pale tulipovua juzi" si mahali. Vivyo hivyo jina la utani la mwamba, linalojulikana kwa kijiji kimoja tu, halimsaidii nahodha anayetoka Kisumu au Port Bell.

Redio za kisasa zina kitufe chekundu chenye kifuniko. Kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde chache, hutuma kwenye chaneli ya 70 namba ya utambulisho ya chombo yenye tarakimu tisa na, kama redio imeunganishwa na GPS, mahali kilipo. Namba za vyombo vya Kenya huanza na 634, za Uganda 675, na za Tanzania 674 au 677. Baada ya kitufe, ujumbe wa sauti hufuata kwenye chaneli ya 16.

Anayesikia *Mayday* huacha alichokuwa akisema, huandika alichosikia, na hungoja kidogo kituo cha nchi kavu au chombo kikubwa kijibu. Kimya kikiendelea, wajibu ni wake: hujibu kuwa amepokea, husema yuko wapi na atachukua muda gani kufika. Kama hawezi kwenda, huupeleka ujumbe mbele kwa kuanza na "Mayday Relay", akitaja wazi kuwa aliye hatarini si yeye. Anayesimamia uokoaji anaweza kuwanyamazisha wengine kwa maneno "Seelonce Mayday", na ukimya huondolewa kwa "Seelonce feenee". Matamshi hayo ya Kifaransa kilichopindwa huwachekesha wanafunzi, lakini ndiyo yaliyokubaliwa.

Kutuma wito wa dhiki wa uongo ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Aliyebonyeza kwa bahati mbaya hatakiwi kuzima redio na kujificha. Hutangaza kwenye chaneli ya 16 kuwa wito umefutwa, na jambo huishia hapo.

## Redio na simu ya mkononi

Vyombo vingi vidogo vya Ziwa Viktoria havina redio ya VHF. Watu hubeba simu ya mkononi, na mara nyingi simu imeokoa maisha. Ina mipaka yake, hata hivyo. Simu humfikia mtu mmoja, ambaye huenda amelala au yupo Dodoma, wakati redio huwafikia wote walio karibu kwa mara moja. Simu huhitaji mnara, salio na namba inayokumbukwa gizani. Mwenye boti mwangalifu hubeba vyote viwili, simu ikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji.

Redio nayo isipewe sifa isiyo yake. Maafa ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, yaliyoua zaidi ya watu 800, na ya MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Kisiwa cha Ukara, yaliyoua watu 228, yote mawili yalihusishwa na kujaza watu kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka karibu na gati.

## Sheria na leseni

Tanzania Bara, matumizi ya masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Usalama wa vyombo vya majini upo chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018. Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) hutoa mafunzo ya redio kwa mabaharia. Mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Viktoria, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umekusudiwa kuweka kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji Mwanza.

## Mkoa wa Mara

Mkoa wa Mara una watumiaji wa redio wa aina mbili wasiosikiana. Upande wa ziwa, Musoma, Rorya na Bunda, ndiko zinakohitajika redio za majini. Upande wa mashariki, katika nchi ya Waikoma kandokando ya Hifadhi ya Serengeti, "redio koli" ni chombo cha kila siku cha askari wa wanyamapori na madereva wa watalii wanaopita geti la Ikoma. Mito ya huko, kama Grumeti, huishia ziwani, lakini redio hizo hutumia masafa mengine, na ya gari haiwezi kuita boti.

Mazoea nayo hutofautiana. Madereva wa Serengeti hutumia majina ya mafumbo kwa wanyama na mahali, ili mgeni aliyeketi nyuma asijue mapema kama kuna chui au hakuna. Porini ufundi huo hauna madhara. Dereva wa Robanda au Fort Ikoma anayewapeleka wageni wake kumalizia safari kwa boti ziwani huwa na faida ya kuzoea kitufe na "ova", lakini huja na fumbo hilo pia, pamoja na tabia ya kupiga soga kwenye chaneli moja siku nzima. Vilevile huenda akabeba redio ya gari au ya walinzi wa hoteli akidhani itafaa majini. Kabla ya kuondoka gatini, kinachotakiwa kuangaliwa ni kama redio ni ya majini, kama betri imejaa, kama ipo kwenye chaneli ya 16, na kama zaidi ya mtu mmoja katika boti anajua kuitumia. Nahodha naye huanguka majini.